Ngwe Arobaini za Mama

Mama yangu hakujua eka ni kitu gani. Shamba lake, upande wa Urambo, alilihesabu kwa ngwe, na ngwe moja ni kipande anachokimaliza mtu mmoja kwa jembe lake kwa siku moja. Lake lilikuwa ngwe arobaini. Kila mwaka mvua zikianza alilima siku arobaini, Jumapili akaenda kusali, na hesabu yake haikuwahi kumdanganya.

Baada ya vita ya pili ya Wazungu, serikali ilitaka eneo letu kwa mashamba makubwa. Tuliambiwa tutahamia ng'ambo ya reli, na kila mtu atapewa huko eka zilezile anazoziacha. Ila aziandikishe kwa karani kwa eka. Habari za ngwe karani hakutaka kuzisikia.

Mama alikuwa mjane na mimi ndiye binti yake pekee. Nilikuwa nimetoka shule ya misheni na daftari lenye jedwali la vipimo: eka moja ni yadi za mraba 4,840. Debe tupu haliachi kuvuma, na mimi nilivuma kijiji kizima. Nilichukua kamba nikapima ngwe iliyokuwa karibu na nyumba, bondeni kwenye udongo mweusi. Yadi thelathini kwa kumi. Nikazidisha kwa arobaini, nikagawanya, nikapata eka mbili na nusu.

"Na kule juu hupimi?" Mama aliuliza.

"Mama, si ngwe ni ngwe tu?"

Alinitazama kidogo. "Haya. Wewe ndiye uliyesoma, mwanangu."

Kesho yake akaweka dole gumba kwenye karatasi ya karani.

Kinachoniuma ni kwamba nilijua. Nimelima na mama tangu nikiwa mdogo. Udongo mweusi unang'ang'ania jembe, na siku nzima unapata kijisehemu tu. Kule juu ni mchanga, jembe linakwenda lenyewe, na ngwe ya kule ilikuwa mara mbili ya ile niliyoipima. Ngwe thelathini kati ya zile arobaini zilikuwa kule juu. Mikono yangu ilijua, lakini siku ile nilikuwa nimeshika penseli.

Tulihama. Tulipewa eka mbili na nusu, mchanga mtupu, vigingi pembe nne. Mvua zilipoanza mama alishika jembe kama kawaida yake. Siku ya ishirini nilimpelekea uji nikamkuta amesimama kwenye kigingi cha mwisho. Mbele yake lilianza shamba la mtu mwingine.

"Limekwisha," aliniambia. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Siku zangu ishirini nyingine ziko wapi, mwanangu?"

Nilimwambia Wazungu wametupunja. Akaniamini mpaka anakufa.