Ukuta au Paa

Mpaka leo sikai kwenye kivuli cha ukuta. Afadhali jua linichome utosi. Ofisini walinizoea: saa ya chakula wenzangu wamejipanga kando ya jengo wakila mahindi ya kuchoma, mimi niko katikati ya uwanja peke yangu kama mlingoti wa bendera. Mgeni akiuliza anaambiwa, "Mwache huyo, ana mambo yake." Ni kweli. Ninayo.

Kazi yangu ilikuwa kuchora ramani za majengo. Mwanzoni mwa miaka ya themanini niliajiriwa katika ofisi moja mjini Kisumu, mwanamke peke yangu kati ya wanaume waliodhani nimeletwa kupika chai. Huko ndiko nilikojifunza kwamba ardhi yetu haijatulia. Simama Katito utazame ule ukingo wa milima ya Nyabondo. Zamani sana ardhi ilipasuka pale, upande mmoja ukabaki juu, mwingine ukazama, nasi tukaja tukajenga kwenye upande uliozama. Mara moja moja inajinyoosha. Vikombe vinalia kabatini, mbwa wanabweka, watu wanatoka nje wakicheka kicheko cha woga, kisha wanarudi kumalizia chai yao. Mimi niliacha kucheka. Nilikuwa nimeshajua nyumba hufa vipi.

Nyumba hufa kwa sababu kuta zake hazijuani. Ardhi ikitikisika, kila ukuta unaenda njia yake. Dawa ni kuzifunga: unamwaga lenta, yaani mkanda wa zege wenye vyuma ndani, juu ya kuta zote, uzunguke nyumba nzima kama mshipi kiunoni. Halafu kuna ile pembetatu ya matofali inayopanda kutoka ukuta wa kando mpaka kileleni, chini ya mabati. Hiyo ishushwe kabisa, pawekwe mabati mepesi. Haijashikwa na kitu. Ikitikiswa inaanguka nje, yote kwa mpigo.

Nyumba ya mama ilikuwa na pembetatu mbili.

Baba aliijenga mwenyewe, ndani kidogo kutoka Katito, kwa matofali ya kuchoma yaliyoshikanishwa kwa udongo mtupu. Alipofariki, nyufa zilikuwa zimeshatoka kwenye pembe za madirisha zikipanda kwenda juu. Majirani walisema ni huu udongo wetu mweusi, unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Nilipanda kwenye kiti, nikaingiza kidole ndani ya ufa uliokuwa chini ya pembetatu ya mashariki. Kiliingia chote.

Basi jenga, utasema. Si wewe ndiye mjuzi? Ngoja. Kwetu, mjane ambaye hajarithiwa na mwanamume wa ukoo wa marehemu, paa lake haliguswi. Hubadilishi bati, hugongi msumari, na nyumba nyingine hajengewi. Ukiligusa unaita chira, ule ugonjwa wa kukonda mpaka kaburini, na mara nyingi chira humruka mkosaji ikaenda kwa watoto. Na lenta huwezi kuimwaga bila kufungua paa.

Mama alikuwa ameokoka. Habari za kurithiwa hakutaka hata kuzisikia.

"Bwana yangu ni mmoja tu, na yuko pale," alisema akionyesha kaburi la baba kwa mwiko wa ugali. "Kama dawa ya hiyo paa ni mwanaume, wacha paa ikae vile iko."

"Mama, hiyo nyumba itakuua."

"Wewe nawe! Kila siku kuniua tu. Kula."

Nilimchukua akae nami Nyamasaria, pembeni mwa mji wa Kisumu. Alikaa majuma mawili, akilalamika kuhusu maji, majirani, na namna ninavyopika samaki. Kisha akafunga kitenge chake akarudi. Hakuwa na mtoto wa kiume aliye hai, na alijua kwamba boma likikaa bila mtu, mpaka wa shamba huanza kutembea. Mimi niliolewa mbali. Sikuwa na sauti pale. Nilikuwa na kalamu tu.

Nikimtembelea, jua la adhuhuri likipiga, mabati yalikuwa yakigonga tak, tak, tak, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mama alikuwa akinyamaza kusikiliza. "Baba yako anatembea," alikuwa akisema, bila hofu yoyote. Nilimweleza kwamba bati hutanuka kwa joto. Akaniangalia kwa huruma. "Na joto hilo linakohoa?" Nikacheka. Lakini nilipobaki peke yangu chumbani nilisikiliza, na sitakuambia nilisikia nini.

Nikaenda kwa baba mdogo, mdogo wake marehemu, aliyekuwa msemaji wa boma. Nisikudanganye kwamba alikuwa mtu mbaya. Kila wiki alimletea mama samaki. Lakini yeye aliwahi kuhamia boma jipya bila kufuata utaratibu wa wazee, na watoto wake wawili wakafa wakifuatana. Hakuna mchoro ambao ungemtoa hilo moyoni.

"Kuta guseni," aliniambia baada ya kuwaza sana. "Paa, hapana."

Nilikuja na fundi kutoka mtaa wa Manyatta, kule mjini. Tukajenga nguzo kwenye pembe nne, tukazifunga kuta kwa waya mnene chini tu ya mbao za paa. Baba mdogo alisimama pale siku nzima, mikono nyuma, akihakikisha hakuna msumari unaotikiswa. Kazi ilienda vizuri mpaka fundi alipoegemeza ngazi kwenye pembetatu ya mashariki aanze kutoa matofali.

"Shuka!" baba mdogo akapiga kelele. "Hiyo ni paa!"

"Baba, haya ni matofali. Ni ukuta."

Wazee wakaitwa. Amini usiamini, asubuhi nzima watu wazima walikaa kivulini mwa ghala wakibishana kama pembetatu ya matofali ni ukuta au paa. Nikachora chini kwa kijiti. Nikaeleza uzito. Mama mmoja mkongwe akaniuliza, "Ukiitoa, mvua itaingia?" Nikasema ndiyo, mpaka tuweke mabati. "Basi ni paa," akasema. "Kinachozuia mvua ni paa."

"Basi hata mwavuli ni paa!" nikafoka.

Walicheka, mama pia alicheka, na shauri likaisha hivyo. Fundi akakunja vyombo vyake. Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka, na hasira yangu yote ikaishia kwa mama: kitanda kihamie chumba cha kati, na usikae, tafadhali, usikae kamwe chini ya ule ukuta wa mashariki.

"Na kivuli cha mchana nitakitoa wapi?" aliuliza. Ni kweli, boma halikuwa na kivuli kingine kizuri baada ya saa nane. Alikuwa akitandika mkeka wake pale, akipukuchua mahindi.

Miaka ikapita. Kila tetemeko dogo lilipokuja, hata nikiwa Kisumu, niliacha nilichoshika nikasubiri habari. Usingizi wangu ulikuwa na pembetatu ndani yake. Nilichora shule, nikachora zahanati, zote na lenta, zote zimefungwa barabara, kwa ajili ya watu nisiowajua.

Siku ilipokuja, mjini tulihisi kidogo tu. Kalamu yangu ilibingirika mezani ikaanguka. Wenzangu wakacheka, wakarudi kazini. Ilikuwa alasiri. Nilisimama nikachukua mkoba wangu bila kuaga mtu, na nilipofika nyumbani kwetu nilisikia vilio kabla sijaona chochote. Kuta zilikuwa zimesimama, nguzo zetu zimesimama. Pembetatu ya mashariki haikuwepo. Mkeka ulikuwa chini ya matofali, mahindi yametapakaa, na mama walikuwa wameshamtoa.

Woi, mama yangu.

Siku ya pili baba mdogo alinijia nikiwa nimekaa juani. Alikuwa amelia mpaka uso umevimba. Alisema mama lazima alale ndani ya nyumba yake kabla ya kuzikwa, na nyumba iko wazi, haiwezi kumpokea hivyo.

"Si paa haliguswi, Baba?"

"Mwiko ulikuwa wa mjane," akasema. "Mjane hayupo tena. Tuambie vile ulitaka ifanywe. Tutafanya yote."

Nilitaka kumng'ata. Naapa, nilitaka kumng'ata kama mbwa. Badala yake nikaokota kijiti nikachora tena chini, na safari hii hakuna aliyebisha. Wanaume wa boma zima walipanda juu, wakavua mabati, wakashusha pembetatu iliyobaki, wakasuka vyuma, wakamwaga lenta kuzunguka nyumba yote. Baba mdogo alibeba maji ya zege kwa mikono yake, mzee yule, akikataa kupokewa. Walipoegemeza ngazi mashariki hakuna aliyeuliza pale ni nini. Walimaliza wakati mama angali mochari, wakafunga mabati mepesi juu, kazi safi ambayo hata mimi sikuona kasoro yake.

Jioni aliyoletwa, waombolezaji walijaa uwanja wote. Waliobeba jeneza walifika mlangoni wakasita, wakatazama juu. Watu wangelala humo wengi, wazee, akina mama na watoto wao. Baba mdogo akanigeukia mbele ya wote.

"Mwanangu, tunaweza kuingia? Haitaanguka?"

Nikazitazama zile kuta. Zilikuwa zimeshikana kila mahali.

"Haitaanguka, Baba," nikasema. "Mwingizeni."