Mmekuja kwa Msiba wa Nani

Nilikuwa katikati ya masomo yangu ya udaktari wa huduma ya kanisa wakati mume wa muumini wangu mmoja alipopotea baharini.

Udaktari huu si wa kujifungia maktaba. Ni wa watu walio kazini tayari, wachungaji kama mimi, na unakutaka uchukue tatizo moja la kanisa lako, ulitafutie njia, uijaribu njia hiyo kwa waumini wako, kisha uandike yaliyotokea. Mimi nilichagua wafiwa. Kanisa letu liko kisiwani, karibu na Buxton, na wengi wetu ni watu wa bara walioletwa Mombasa na kazi za bandari, reli na ofisi. Mimi mwenyewe ni wa Taita. Mtu wetu akifa tunachanga, tunasafirisha maiti, tunazika kwao na kurudi kazini. Baada ya hapo mjane hubaki peke yake, na watu humkwepa kwa kutojua la kumwambia. Basi nilikuwa nimekusanya kikundi cha waumini, tukawaita wafariji, nikawafundisha namna ya kumtembelea mfiwa bila kumhubiria.

Mume wa dada huyu alikuwa fundi katika chumba cha injini cha meli ya mizigo. Wakala wa meli alimpigia simu mkewe akamweleza kwamba asubuhi mumewe hakuonekana mezani, wenzake wakaipekua meli nzima, wakageuza meli na kumtafuta katika njia waliyotoka, wasione kitu. Bahari ilikuwa shwari. Hilo la bahari kuwa shwari dada alinikariria mara nyingi, kana kwamba mimi ningejua lina maana gani.

Yeye, mumewe na mabinti zao walikuwa wamepanga Mji wa Kale, ghorofani kwa bibi mmoja Mwislamu aliyewapenda kama wajukuu zake. Nilipofika na wafariji wangu, bibi alitupokea mlangoni. Baada ya salamu ndefu alisema, "Yuko yuu, mwanangu. Tangu subuhi hajashuka." Tukapanda ngazi.

Tulikaa kama nilivyowafundisha. Hakuna aliyehubiri. Dada alitutilia chai, akampa kila mtu kikombe chake, akauliza kama sukari inatosha. Kisha mmoja wetu, mama mwenye sauti nzuri na moyo mzuri zaidi, akaanzisha taratibu wimbo tunaouimba matangani. Dada akamsikiliza mpaka mwisho wa ubeti.

"Samahani," akasema. "Mmekuja kwa msiba wa nani?"

Tuliangalia vikombe vyetu. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wao, na wote wakawa wananisubiri. Nilisema tumekuja kumwona yeye tu. Akasema asante, na tukanywa chai ile mpaka ikaisha.

Msimamizi wangu wa masomo nilizungumza naye kwa simu wiki hiyo. Ni mtu wa huruma. Kwanza aliniombea. Halafu akasema, kwa upole, "Unaona kwamba jambo hili linaingia moja kwa moja katika mradi wako." Niliona. Nililiona kabla yake, na nilikuwa nimejaribu kutoliona.

Shemeji wa dada akaja kutoka kwao, magharibi ya nchi. Alikuwa kaka mkubwa wa aliyepotea, mwalimu mstaafu, mtu wa heshima. Alifikia kwa dada lakini siku ya pili akaja kwangu. Alinieleza kwamba kwao mtu akipotea na mwili usipatikane, huzikwa shina la mgomba mahali pake, likiwa limefungwa nguo yake, ili mama yake apate mahali pa kulilia.

"Mama yetu ni mzee," akasema. "Halali. Kila gari likipita barabarani anatoka nje. Nataka apumzike. Lakini mke wa ndugu yangu amekataa kutoa hata shati. Anasema nataka kumzika mtu aliye hai. Zungumza naye, Mchungaji. Wewe ndiye unayesomea mambo haya."

Nilimwomba siku chache. Nikaenda ofisi ya wakala, nikifikiri pengine kuna habari ambayo dada hakuielewa. Kijana wa mapokezi alinikalisha kwenye kiti kizuri akaniambia taarifa zote ziko kwa wenye meli, ng'ambo, na wao pia wanasubiri. Nikasoma vitabu vyangu vyote vya huzuni. Vimeandikwa vizuri, lakini vyote huanzia mahali ambapo mtu ameshakufa. Nikaomba. Sikusikia kitu, na sitasema kwamba nilisikia.

Siku niliyowakutanisha nyumbani kwangu, dada alikuja amevaa nguo zake za kila siku. Shemeji alikuwa na koti. Walisalimiana kwa adabu, kila mtu akakaa upande wake.

"Shemeji," dada akaanza, "mama namwonea uchungu. Lakini mkizika, nikipigiwa simu kesho kwamba ameonekana bandari fulani, nitamwambia nini? Kwamba tulimngojea kidogo tukachoka?"

"Hakuna atakayepiga, mke wa ndugu yangu."

"Wewe umejuaje?"

Shemeji alivua miwani na kuifuta kwa pindo la koti, nikaona kwamba na yeye hakuwa amelala. Dada akanigeukia.

"Mchungaji. Nitakubali utakalosema wewe. Amekufa au hajafa?"

Nimekaa na watu wengi wakati wa kufa. Nimefunga macho ya watu kwa mkono wangu. Sijawahi kutamani neno kama nilivyolitamani siku ile. Lolote, hata baya, ningelisema.

"Sijui, dada yangu," nikasema.

Shemeji alinitazama. Hakukasirika. Aliuliza kama mwalimu anayetaka kuelewa kweli: "Basi miaka yote hii unasoma nini?"

Aliondoka kwa basi bila shati la ndugu yake. Kwao walizika shina la mgomba likiwa limevikwa shati jipya alilonunua njiani, na mchungaji wa kule aliongoza ibada. Sikuitwa, na hata ningeitwa sijui kama ningekwenda. Picha zilimfikia dada kwa simu. Baada ya ibada ya Jumapili aliniita pembeni akanionyesha msalaba mweupe wenye jina la mumewe.

"Wameandika tarehe ya kufa," akasema. "Hii tarehe wameitoa wapi?"

Alikuza picha kwa vidole viwili ili niione vizuri. Niliiona. Nilishika mkono wake, kwa kuwa mkono ndio niliokuwa nao, naye akauacha ushikwe mpaka simu ikazima kioo chake.

Niliendelea kumtembelea. Wafariji walipungua, waliniambia hawajui waende kama nani. Dada alianza kushona nguo za shule na kuziuza kwa akina mama wa soko la Marikiti, na nilipokwenda alishona huku tunazungumza habari za mabinti zake. Alimtaja mumewe kwa wakati uliopo. Mimi nilikwepa kumtaja, maana kila kitenzi kilinitaka nichague.

Habari hii niliiandika katika tasnifu yangu, sura nzima. Siku ya kuitetea, mtahini mmoja aliuliza mama huyu sasa yuko katika hatua gani ya maombolezo. Nilijibu kwamba hayumo katika hatua yoyote. Wakashauriana. Walisema sura hiyo inagusa moyo lakini haionyeshi matokeo, na kazi ingesimama imara zaidi bila hiyo. Nikaiondoa, nikafaulu.

Kanisa lilinifanyia sherehe kubwa. Palikuwa na pilau na keki, na watu waliniita Daktari, wengine kwa utani, wengine kwa fahari kubwa kuliko niliyokuwa nayo mimi. Dada alikuja na mabinti zake. Alisubiri watu wapungue.

"Hongera, Mchungaji."

"Asante, dada."

"Sasa umemaliza."

"Nimemaliza."

Akasogea karibu, akashusha sauti ili wanawe wasisikie. "Na wale walimu wako wakubwa, ulipowaeleza habari yetu, walisemaje?"

Ndipo nilipofahamu kwamba muda wote ule alikuwa akiyangojea masomo yangu yaishe. Nilimwambia ukweli, kwamba hata wao hawakuwa na jibu. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekuta ofisi imefungwa.

"Haya," akasema.

Akawaita mabinti, akawafunga vizuri kamba za viatu, wakatoka. Nilitaka kumfuata, lakini sikujua ningemwambia nini nikimfikia, na watu walikuwa wananiita tupige picha.