Fundi Ghulamabbas na Babu wa Uswisi Asiyezaliwa

Jumamosi moja ya Oktoba mwaka 2013, mzee wa miaka sitini na saba alitolewa nje ya duka la saa katikati ya jiji la Toronto kwa kosa la kugusa kioo kilichofunika meza yake mwenyewe.

Meza hiyo ilimulikwa taa nne, na mbele yake kibao cha shaba kilitangaza hivi: "Meza ya mwasisi wetu, Théophile Saint-Orvain, Uswisi, 1871. Tundu la katikati alilitoboa kwa mkono wake, ili mwanga wa asubuhi ya milimani uzifikie saa zake kutoka chini." Mwanga kutoka chini! Wageni walisoma, wakatikisa vichwa kwa heshima, wakapiga picha. Mzee naye alisoma, mara mbili. Tundu lile alilifahamu vizuri. Lilikuwa tundu la kuchungulia wageni, kwa kuwa meza ile ilikuwa mlango: mlango wa nyumba ya ghorofa ya kumi na nne katika mojawapo ya majengo ya Barabara ya Dixon, uliotupwa jalalani mwaka 2003 jengo lilipokarabatiwa. Yeye ndiye aliyeuokota, akaupiga msasa, akautia miguu.

Alipoweka kiganja juu ya kioo, kengele ililia. Akaja mlinzi, kijana wa Bukavu aitwaye Évariste, ambaye kwa bahati alimsikia mzee akinung'unika kwa Kiswahili.

"Mzee, pardon. Hii haiguswe. Kama uko na livrezo, inapitiaka mlango ya nyuma."

"Sikuleta mzigo, mwanangu. Meza hii ni yangu."

"Ya kwako? Mzee, iko ya elfu moja mia nane sabini na moja!"

"Mwaka huo hata babu yangu hakuwa amezaliwa. Inama utazame ubavuni, utaona zilipokaa bawaba."

Évariste aliinama. Matundu ya skrubu yalikuwapo, matatu juu na matatu chini. Akasimama polepole, kama mtu aliyeona uchi wa mkwewe. "Mimi nimeona," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini niko natumika tu hapa. Twende pamoja polepole, wasiseme nimekukokota."

Hivyo ndivyo Ghulamabbas Mohamedtaki, fundi saa kutoka Tanga, alivyosindikizwa nje ya kampuni ambayo saa zake arobaini za kwanza alizitengeneza yeye peke yake. Wala hakuwa amekwenda kudai meza. Alikwenda kuomba barua. Chuo kimoja cha ufundi cha jijini kilikuwa kinafungua darasa la utengenezaji wa saa na kilimtaka awe mwalimu. Mkuu wa darasa alikuwa amemwona akifanya kazi, akaridhika. Palihitajika kitu kimoja tu, nacho ni barua ya mwajiri ya kuthibitisha kwamba mzee ana uzoefu wa Kanada.

Uzoefu wa Kanada! Tuliohamia nchi hii tunaijua sala hiyo. Ghulamabbas alipofika mwaka 1998, akiwa na miaka thelathini na moja ya ufundi aliouanza dukani kwa baba yake, aliambiwa kwamba uzoefu wake haufai, kana kwamba saa za Tanga huzunguka kinyume. Wakampeleka kwenye ghala huko Brampton kufunga maboksi, kazi ambayo inaelekea uzoefu wa Tanga uliitosha. Saa alizitengeneza mwisho wa wiki, katika kibanda kilicho katikati ya mshona viatu na muuza kadi za simu.

Kibandani hapo ndipo alipokuja Mervyn mwaka 2005. Mervyn ni Mgoa wa Nairobi aliyekulia Mississauga. Wakati huo alikuwa na miaka ishirini na tisa na kazi ya matangazo ya biashara. Alileta saa ya mfukoni ya marehemu babu yake, Bwana Leslie, karani wa reli aliyefika kazini kabla ya wenzake wote kwa miaka ishirini na tisa. Saa ilikuwa imesimama tangu mazishi. Ghulamabbas aliifungua, akaisafisha, akabadilisha springi, na baada ya siku mbili ikatembea. Mervyn aliiweka sikioni, akalengwalengwa na machozi. Machozi yalipokauka akaona biashara.

"Anko, mimi nitauza, wewe utatengeneza. Saa za mkono, za springi, kama za zamani."

"Vizuri. Tuziite Leslie, jina la mzee wako."

"Leslie? Anko, nani atanunua saa inayoitwa Leslie?"

"Mwenye kutaka kujua ni saa ngapi."

"Mwenye kutaka kujua ni saa ngapi ana simu!"

Sentensi hiyo moja inaeleza biashara nzima ya saa za kifahari, na yeyote anayetaka kuichunguza hahitaji kitabu kingine. Saa isiyouza wakati lazima iuze ukoo. Mervyn alikuwa na ukoo, tena wa kujivunia, lakini ulitoka Goa ukapitia stesheni ya Nairobi, akaona haung'ai. Akaazima mwingine. Jina Saint-Orvain alilisoma kwenye kifuniko cha jibini katika friji ya mama yake. Théophile alizaliwa juma lililofuata, mwenye ndevu tayari, kutokana na picha ya zamani iliyonunuliwa mnadani kwa ajili ya fremu yake.

Mervyn alipokuwa akizaa mababu, Ghulamabbas alikuwa akizaa saa. Walinunua saa kuukuu za mfukoni zilizokwisha kutupwa. Fundi alitoa mashine, akaosha kila gurudumu, akachonga vipande vilivyokosekana, akapachika uso mpya na akrabu mpya ndani ya kasha jipya. Kisha alizijaribu. Saa njema haibadili mwendo kwa joto wala kwa baridi, na kwa kuwa hakuwa na maabara, alitumia nyumba. Siku mbili juu ya kipasha joto, siku mbili mfukoni, siku mbili ndani ya friji; na ikifika Januari, siku nzima nje barazani.

"Baba Almina," mkewe Kanizfatema alimwita siku moja, "kuna saa sita kando ya mtindi."

"Ziache mpaka Alhamisi."

"Na wageni wakifungua friji?"

"Waambie ndizo zinazojua mtindi utaganda lini."

Kijitabu cha kwanza cha kampuni kiliandika kwamba kila saa ya Saint-Orvain hupita katika "majaribio ya theluji ya Alps, kwa desturi ya familia". Ghulamabbas alipotafsiriwa maneno hayo alicheka mpaka akavua miwani. Alidhani ni mzaha wa matangazo, kama sabuni inayodai kung'arisha roho. Hapo alikosea, na kosa hilo ni letu sote: uongo tuliouchekea mwanzoni ndio uliokuja kutufukuza mlangoni.

Sasa ipo desturi ya mafundi saa ambayo wavaaji hawaijui. Fundi akimaliza kazi, hukwaruza kwa sindano ndani ya kifuniko cha nyuma alama yake na tarehe. Ni salamu kwa fundi atakayeifungua saa hiyo baada ya miaka: nilipita hapa, siku fulani, nikafanya hivi. Ghulamabbas aliikwaruza alama hiyo katika saa zote arobaini, kwa tarakimu ndogo zilizobanana. Saa aliyoimaliza tarehe kumi na nne Februari mwaka 2006 aliiandika GA14206.

Mwaka 2009 kampuni ilihamia jengo kubwa. Waliichukua meza "ili tukutunzie, Anko", wakasahau kumchukua mwenyewe. Nafasi yake walimpa fundi mwenye lafudhi bora kuliko kibano chake. Kisha mwaka 2012 wakachapisha kitabu kinene cha historia ya nyumba ya Saint-Orvain, na humo, ukurasa wa tisini na mbili, wakaieleza alama. GA, walisema, ni Grand Atelier, karakana kuu ya Théophile. Na 14206 ni idadi ya saa zilizokuwa zimekwisha kutoka mikononi mwa familia hiyo. Kwa hesabu hiyo Ghulamabbas alitengeneza saa ya elfu kumi na nne na zaidi, akamaliza nyingine juma lililofuata, GA21206, na kuongeza elfu saba kwa siku saba. Hakuna msomaji aliyeshangaa. Watu waliotoa bei ya gari kwa saa moja si wepesi wa kushangaa.

Juma moja baada ya kutolewa dukani, Ghulamabbas aliomba kumwona Mervyn, akakubaliwa. Alikuwapo pia Lourdes, dada yake Mervyn, msimamizi wa matangazo. Mzee hakugomba. Aliomba saa iliyokuwa mkononi mwa Mervyn, akaifungua kwa kisu chake kidogo, akampa Lourdes lenzi.

"Soma, binti yangu."

"GA... tatu, tisa, sifuri sita."

"Tarehe tatu Septemba, mwaka 2006. Siku hiyo Kanizfatema alilazwa hospitali kwa ajili ya goti, nami niliimaliza saa hii kando ya kitanda chake. Théophile hakuwapo. Angekuwapo, angeshika taa."

Lourdes alimtazama kaka yake. Mervyn alifunga mlango.

"Anko, mimi sikatai. Lakini watu wameshaamini."

"Walioamini watasamehe. Nipe barua tu. Mistari mitatu: alikuwa hapa, alitengeneza hizi, mwaka huu mpaka mwaka huu."

"Barua ikitoka nje, kitabu kimekufa."

"Na isipotoka, mimi nimekufa kabla ya kitabu."

Ndipo Lourdes, kwa nia anayoiita njema, alipotoa shauri. Mzee aje kila Jumamosi akae dirishani mwa duka, akitengeneza saa mbele ya wapita njia. Atavaa kizibao. Atabandikwa masharubu kidogo. Atakuwa mjukuu wa mwanafunzi wa Théophile.

"Na nikiulizwa kitu?"

"Usijibu, Anko. Tabasamu tu. Ukisema, wataisikia Tanga."

Ghulamabbas alifunga kifuniko cha saa, akaipangusa, akaijaza springi kama ilivyo adabu ya fundi, akamrudishia mwenyewe. "Babu yako Leslie," alimwambia Mervyn, "alifika kazini mapema miaka ishirini na tisa, na wewe umemficha kama deni. Mimi utaniweka wapi?" Akatoka kwa mlango wa mbele.

Desemba iliyofuata, jumuiya zetu za wahamiaji kutoka Afrika Mashariki zilimtunuku Mervyn ngao ya ubunifu katika karamu kubwa huko Mississauga, na waliomkabidhi walikuwa wamevaa saa zake. Chuo nacho kimeshapanga ziara ya darasa jipya: wanafunzi watapelekwa dukani kuitazama meza ya Théophile. Mwalimu bado hajapatikana. Nafasi inafungwa tarehe thelathini na moja Januari 2014.

Kwa hiyo nasema na wahusika, bila kuzunguka. Bwana Mervyn: andika barua ile, mistari mitatu, uitie sahihi na muhuri kabla ya tarehe hiyo, kisha ng'oa kibao cha shaba na uweke kingine chenye jina la Ghulamabbas Mohamedtaki, na ukurasa wa tisini na mbili uusahihishe hadharani. Nanyi wakuu wa chuo: acheni kumdai mtu cheti kutoka kwa yule anayenufaika kwa kumnyima. Fungueni saa moja kati ya zile arobaini, msome kilichoandikwa ndani, mkampe darasa. Nanyi viongozi mliotoa ngao: irudisheni mezani, mwiteni Mervyn, mmuulize mbele ya watu ni nani aliyetengeneza saa mlizovaa. Tunasubiri majibu yenu kwa maandishi.