Mlango wa Pili wa Itundula

Nilitoka Tanga na sanduku la bati, cheti changu cha kidato cha nne na hamu ya kuona mahali pengine. Kazi niliyopewa ilikuwa ya karani wa uchaguzi mkoani Tabora, lakini hata wangeniambia nikahesabu mbuzi ningekwenda. Mguu wangu haukuwa umezoea kutulia. Basi lilinifikisha Dar es Salaam, na pale nikapanda garimoshi la reli ya kati, daraja la tatu, ambako ukisimama kunyoosha mgongo unakuta mtu amekwisha kukaa mahali pako.

Baada ya Manyoni nchi ilikauka. Miti ilikuwa ileile, vichaka vilevile, na kila nilipoamka usingizini nilidhani hatujasogea. Tura tulisimama mno. Akina mama walipita chini ya madirisha wakiuza asali na kuku, nami nikaanza kulalamika kwamba safari haiishi. Mzee aliyeketi mbele yangu, Mnyamwezi mwenye kofia ya kufuma, akanitazama kwa huruma.

"Babu yangu aliipita njia hii kwa miguu, na pembe ya ndovu begani," akasema. "Wewe umekaa, unabebwa, na bado unalia. Utafanya kazi gani huku?"

"Ya kura, mzee."

"Ah! Basi utalia vizuri zaidi."

Watu wa behewa zima wakacheka. Nilicheka nao, bila kujua nachekea nini.

Siku ya kwanza kazini nilipelekwa kwa Bwana Msimamizi wa Uchaguzi. Huyu ndiye mwenye dhamana ya jimbo zima: vituo, masanduku, karatasi na matokeo. Alikuwa mtu mzima, karani wa mahakama wa zamani, anayezungumza polepole kama anayepima chumvi. Hakuniuliza cheti. Aliniambia niingie kwenye kibanda cha kura kilichokuwa kona ya ofisi, nichukue karatasi na kuweka alama.

Ninyi vijana huenda hamkuziona karatasi zile. Chama kilikuwa kimoja, lakini kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili wa kushindana. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine nyumba, ili asiyejua kusoma asihitaji mtu wa kumsomea. Nilivuta pazia, nikaweka alama, nikakunja.

"Umechagua jembe," Bwana Msimamizi akasema kabla sijatoka.

Nikashtuka. "Umejuaje, mzee?"

"Pazia jepesi. Nimeona kiwiko chako kilikoelekea. Kura ikionekana si kura tena, ni salamu kwa mkubwa. Nenda madukani Gongoni ukanunue kaniki, nguo nyeusi isiyopenya macho."

Hilo ndilo somo langu la kwanza. Mengine nilijifunza taratibu: kuwaonyesha watu sanduku tupu kabla ya kulifunga, kutia lakiri, yaani nta nyekundu ya moto inayogongwa muhuri juu ya kufuli, kufunga penseli kwa kamba isitoroke, na kuitambua kura iliyoharibika, ile ambayo mwenyewe ameweka alama kote kwa sababu hakutaka kumuudhi yeyote.

Wakati wa chai Bwana Msimamizi alipenda kutueleza wengine wanavyofanya. Alisema wakoloni walipoleta kura mara ya kwanza, kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu, na kabla ya hapo kupimwa kisomo chake na kipato chake. "Walitupa mlango, wakaweka ngazi mbele yake," alisema. Kisha akatueleza nchi moja ndogo ya Afrika Magharibi ambako mtu hupewa gololi, akaidumbukiza kwenye pipa la mgombea wake, na ndani ya pipa kengele ikalia. Kengele ikilia mara mbili, wanajua kuna mjanja. Tulicheka sana. Tabora yetu ya makaratasi ilionekana nzito kando ya gololi ile.

Uchaguzi wangu wa kwanza nilipangiwa Itundula, kijiji cha wakulima kando ya ile njia ya zamani ya wapagazi, upande wa Tura. Kituo kilikuwa darasa la shule lenye mlango mmoja. Asubuhi foleni ilikuwa ndefu, wanaume na wanawake pamoja. Saa chache baadaye niliinua kichwa nikaona wanawake wamebaki wachache, na wote ni wasichana. Wale watu wazima walikuwa wamekaa nyuma ya kichuguu, wamefunika vichwa kwa khanga.

Nilimwendea mmoja wao, mjane mwenye sauti nene, Mayu Nyamizi. Mayu ni mama kwa Kinyamwezi, na kijiji kizima kilimwita hivyo.

"Mwangaluka, mayu. Mbona huku? Kura ziko kule."

"Nimeziona. Na mkwe wangu Kapaya nimemwona. Unataka nimkanyage kisigino?"

Ndipo nikaelezwa. Mama na mume wa binti yake hawasogeleani. Hawatazamani usoni, na wakikutana kwenye njia nyembamba mmoja huingia porini hadi mwenzake apite. Baba na mke wa mwanawe vilevile. Si chuki, ni heshima kubwa kuliko zote walizonazo. Sasa sisi tulikuwa tumeleta foleni, ambayo ni njia nyembamba kuliko zote, na tukawaambia wapite humo pamoja. Jioni ile tulifunga sanduku, na akina mama wale wakarudi nyumbani bila kupiga kura.

Jibu nililipata dukani kwa Bwana Ramji, Mhindu muuza nguo wa Gongoni aliyekuwa akiniuzia kaniki.

"Karani wa kura! Tena kaniki? Siku moja mtaifunika Tabora nzima."

Nikamweleza habari za kichuguu. Yeye akaendelea kupima kitambaa kwa mkono, akisema, "Kwa kaka yangu, kule Gujarati, foleni ya akina mama peke yake, ya wanaume peke yake. Bila hivyo mama yangu angetoka nyumbani? Hatoki! Hata umpe sanduku la dhahabu."

Nilirudi ofisini karibu nikikimbia. Bwana Msimamizi alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani. "Foleni mbili zikiishia mlango mmoja, watakutana mlangoni," akasema. "Toboeni ukuta."

Tukatoboa. Wazee wa Itundula wenyewe walileta patasi na nyundo, wakafungua mlango wa pili kwenye ukuta wa nyuma wa darasa, unaoelekea kisimani. Wanaume mbele, wanawake nyuma, kila upande na kibanda chake, na katikati pazia la kaniki kutoka ukuta hadi ukuta. Uchaguzi uliofuata Mayu Nyamizi alifika kabla yetu. Akina mama walikuja wakiimba, na mbunge aliyekuwa amewasahau akaanguka. Sijawahi tena kuipenda kazi kama siku ile.

Kisha ikaja operesheni ya vijiji. Watu wa Itundula walihamishiwa kando ya barabara kuu, kwenye kijiji kipya cha nyumba zilizopangwa mistari. Mabati ya shule yaling'olewa yakaezekwa shule mpya. Barabara ilikuwepo, ghala lilikuwepo, maji hayakuwepo. Akina mama walirudi kila siku kwenye kisima cha zamani, mwendo wa kuchosha, ndoo kichwani. Mayu Nyamizi alikwenda na Kabula, binti yake, mke wa Kapaya. Walipokezana mzigo njiani.

Kwa hiyo uchaguzi ulipokaribia, hapakuwa na cha kujadili. Mgombea wa nyumba alisema waliohamia wamekwisha kuhamia. Mgombea wa jembe alisema hadharani kwamba atapigania kijiji kisogezwe kilipo kisima. Hilo tu ndilo walilolitaka.

Bwana Msimamizi wangu alikuwa amestaafu. Wa pili alikuwa mtu wa chuo, msafi, mwaminifu, asiyepokea hata soda ya mtu. Nilipomwomba ruhusa ya mlango wa pili katika shule mpya, akaweka kalamu chini.

"Karani, wakoloni walitupanga kwa mafungu. Huyu huku, yule kule. Tumeyafuta hayo kwa jasho. Leo wewe unataka kuwatenga mama zetu?"

"Si kuwatenga, mzee. Ni habari ya wakwe."

"Mwanamke wa Ujamaa hana sababu ya kujificha mbele ya mwanamume yeyote. Foleni moja, mlango mmoja."

Kila alilosema lilikuwa la kweli, na bado nilijua akina mama watakuwa porini.

Ila safari hii hapakuwa na kichuguu. Walikaa kwenye kivuli cha ghala, wamefunika vichwa, wakiitazama foleni. Jua likapanda.

"Mayu Nyamizi, muda unakwisha!" kijana mmoja akamtania. "Au unangoja kisima kikufuate?"

Mayu Nyamizi akainuka. Alijifunika khanga mpaka puani, akaipa foleni mgongo, akaanza kutembea kinyumenyume, hatua kwa hatua, kuelekea mlangoni. Watu wakacheka, kisha kicheko kikakatika. Wakati huo Kapaya alikuwa karibu kuingia. Aligeuka, akamwona mama mkwe wake anamjia, akatoka kwenye foleni mbio, kofia ikaanguka na hakuirudia.

Akina mama wengine wakainuka, wakageuza migongo yao vilevile. Na kila mama alipofika, kulikuwa na mwanamume aliyetoka. Wazee waliondoka, vijana waliooa juzi wakaruka uzio. Mchana foleni ilikuwa ya wanawake peke yao.

"Kwa nini wanaume wanaondoka?" Bwana Msimamizi, aliyekuja kukagua, akaniuliza.

"Wanawapisha wakwe zao, mzee."

"Waiteni warudi."

"Hawatarudi. Hapa walipoonekana wakikimbia, leo hawapiti tena."

Akaiokota ile kofia chini, akaikung'uta vumbi. Sikuona furaha usoni mwake, wala sikuitafuta.

Mayu Nyamizi alipotoka kibandani aliniuliza kwa sauti ndogo, "Kapaya ameshapiga?"

"Hapana, mayu. Aliondoka ulipokuja."

Akaivuta tena khanga usoni. Alikuwa amejivunjia heshima yake ili aongeze kura moja, na kura moja ndiyo aliyoiondoa.

Jembe likashindwa. Tulifunga kamba kwenye karatasi zilizobaki bila kutumika, mafungu manene, na siwezi kuapa kwamba zingegeuza matokeo. Najua kijiji hakikusogea. Kapaya hakuweza tena kukaa pale ambapo watoto walimwigiza akikimbia. Alihamia Urambo kulima tumbaku, na Kabula akamfuata, kama mke anavyofuata. Ndoo ikabaki na mtu mmoja.

Baada ya hapo sikudumu. Niliandika kuacha kazi, nikauza kitanda cha chumba nilichopanga mtaa wa Cheyo, nikamuaga Bwana Ramji aliyekataa kunipa mkono mpaka nipokee kipande cha kaniki. Sasa nimevuka sitini, nimekaa miji mingi na kote nimewauliza watu wanavyopiga kura. Nimesikia za kutumwa kwa posta, za hospitalini, za mabaharia. Kila pahali mtu fulani alilazimika kwanza kuona nani amekaa pembeni. Usiku hunijia kichwani mabishano na yule Bwana Msimamizi wa pili, na hadi leo ananishinda.

Siku niliyoondoka Tabora kwa mara ya mwisho nilipata kiti cha dirishani. Kabla ya kufika Tura treni ilipunguza mwendo, nikaiona Itundula ya zamani. Darasa letu lilikuwa halina paa, magugu yamejaa ndani, lakini kuta zilisimama, na milango yote miwili ilikuwa wazi hata nikaona anga upande wa pili. Njia ya kisimani sasa ilikatiza humo. Mayu Nyamizi aliingia kwa mlango wetu wa nyuma, ndoo kichwani, akapita pale palipokuwa na pazia, akatokea mlango wa mbele. Hakuna aliyemngoja nje kumpokea. Akashika njia ya barabarani, taratibu, asimwage maji.