Zulia la Mohamedamin

Wa kumsifu Mohamedamin wapo, na wengi wao wamekula pilau yake. Mimi siijui ladha ya pilau yake. Nimekuwa jirani yake miaka kumi na moja hapa njia ya Burat, tumetenganishwa na seng'enge peke yake, na jirani wa seng'enge huona mengi ambayo wageni wa pilau hawayaoni.

Ni mtu wa malori. Alianza kama taniboi, msaidizi wa dereva, kwenye lori la mbuzi, akalala juu ya magunia, akanyeshewa, akapigwa na vumbi la Merti hadi nyusi zikawa nyeupe. Leo ana malori mawili yake mwenyewe. Yanapanda na unga na sukari, yanashuka na mbuzi. Hiyo ni kazi ya heshima na siidharau. Ninachokidharau ni kwamba siku alipohamia kwenye nyumba ya mawe, alisahau kabisa mbuzi ni kitu gani. Babu yake alikuwa askari wa Wazungu, na hilo utaambiwa hata kama umekuja kuomba chumvi.

Mwaka jana alikwenda Nairobi kumtembelea rafiki, akarudi na mfuko uliojaa vipande vya mmea vilivyofungwa kwa gazeti lililoloweshwa maji. Ni ule mmea unaotambaa chini, majani manene yamejaa maji, maua madogo mekundu. Huko Nairobi aliukuta mbele ya nyumba ya rafiki yake, umefunika udongo wote. Akauita zulia. Tangu siku hiyo mtaa mzima ulisikia habari za zulia.

Sababu ilikuwa Ruweida, binti yake wa kwanza, muuguzi, msichana mwenye akili ambayo sijui aliitoa wapi. Alikuwa ameposwa na kijana wa Kiborana wa Merti, na wazee wa kijana walikuwa wameahidi kuja kuzungumza baada ya miezi minne. Mohamedamin aliwaza jambo moja tu: wazee hao washuke garini kiangazi kimepamba moto, wakanyage kijani kibichi langoni kwake, wajue hapa ni kwa mtu. Alitaka wasahau kwamba baadhi yao walimjua akiwa taniboi.

Basi akaleta mbolea ya ng'ombe, mkokoteni baada ya mkokoteni, akaichanganya na udongo mweusi unaoshika maji kama sufuria. Akachomeka vile vipande siku ileile, akafungulia mpira. Nikaona nimwambie. Mimi nilifanya kazi miaka minane kwenye shamba la maua kule Timau, na mimea ya namna hii imepita mikononi mwangu kwa maelfu. Vipande vyake huachwa kivulini siku mbili tatu hadi kidonda kikauke. Udongo wake ni mchanga wa laga, ule wa mto mkavu, na kokoto kidogo. Maji ni mara moja kwa wiki mbili, na kukiwa na umande unaweza hata kuusahau. Mmea wenyewe umebeba maji yake ndani ya majani, kama ngamia.

"Baba Ruweida," nilimwambia, "hii kitu haitaki maji mingi. Ukimwagia kila siku itaoza."

Alinitazama kuanzia kwenye ndala hadi kwenye leso. "Mama Mwongera, wewe umezoea sukuma wiki. Wacha hii."

Nikaacha. Tena niliacha kwa moyo mkunjufu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilikaa upande wangu wa seng'enge kulingoja guu livunjike. Kipande kimoja alikitupa juu ya mawe yangu kwa sababu kilikuwa kimevunjika, nikakiacha hapohapo.

Sasa muelewe mtu huyu. Ukoo wake wote ni watu wa mifugo, na kwa watu wa mifugo kitu ukikipenda unakinywesha. Ndama ukimpenda unampa maji asubuhi na jioni. Yeye alinywesha zulia kama ndama. Asubuhi mpira, jioni mpira. Majani yalipoanza kuwa ya njano, akasema lina kiu, akaongeza mchana.

Na maji hayo hayakuwa ya mchezo. Mvua ilikuwa imekataa misimu miwili. Bomba la mtaa lilitoa maji Jumanne na Ijumaa, na hapo likijisikia. Mohamedamin alikuwa na matangi mawili makubwa meusi, yanajazwa na lori. Kila mchana alikuwa akipita Umulkheir, mjane wa Kiborana, na mbuzi wake ambao sasa ungeweza kuwahesabu mbavu. Miaka yote alisimama kwenye lango hilo, mke wa Mohamedamin akamtolea beseni, mbuzi wakanywa, wakaenda zao. Hakuna aliyewahi kuona hiyo kuwa ni sadaka. Ilikuwa desturi, kama salamu.

Mwezi wa tatu wa zulia, Mohamedamin mwenyewe ndiye aliyekuwa langoni, mpira mkononi.

"Salaam aleikum, mzee," Umulkheir alisema. "Beseni moja tu. Hawa hawafiki maji ya Ngaremara."

Akamwambia maji hayo yana kazi. Alisema hivyo huku maji yakimtiririka miguuni. Ruweida alitoka ndani na dungu la plastiki la lita ishirini, limejaa maji, akaelekea langoni. Baba yake akamnyang'anya, akalimimina lote juu ya zulia, akamwambia arudi ndani. Mbuzi walisimama wakitazama matope. Mmoja alipenyeza ulimi chini ya lango kulamba ardhi. Mimi niliwapelekea maji niliyokuwa nimeyaweka ya kufulia.

Wiki mbili baadaye zulia lilianza kunuka. Mashina yalilainika, yakawa meusi, ukiyagusa yanateleza kama kamasi. Siku ya wazee ilipofika, langoni palikuwa na uozo mpana wenye nzi. Mohamedamin alimwaga mchanga juu yake alfajiri, lakini harufu haifunikwi kwa mchanga.

Walikuja wanne, wakiongozwa na Jattani, mzee mrefu mwenye fimbo. Sasa, Waborana hawasalimiani juu juu. Wakifika mahali huulizana amani, halafu mifugo, halafu nyasi, halafu maji: nani anayo, nani anatoa. Wazee hao walikuwa wamefikia kwa jamaa zao Burat, wakaulizana habari hizo zote, na Umulkheir naye aliulizwa, akajibu. Hakuongeza chumvi. Haikuhitaji.

Niliitwa kusaidia jikoni, kwa hiyo niliona kwa macho yangu. Birika la chai ya maziwa ya ngamia likawekwa mbele yao. Hakuna aliyenyoosha mkono. Jattani alitazama langoni, akasema polepole:

"Msichana tunamtaka. Tumesikia alibeba dungu. Lakini kwa hii nyumba hatutakunywa kitu, Mohamedamin. Maji yako iko na kazi."

Hakuna aliyepaza sauti. Wakainuka, wakaomba mazungumzo yahamie kwa Abdisalan, mjomba wa Ruweida, muuza ngozi mwenye nyumba ya mabati vyumba viwili. Huko wakanywa chai birika tatu. Huko huko, baadaye, ndoa ikafungwa, na Mohamedamin akamwoza binti yake juu ya mkeka wa shemeji yake, akiwa ameketi pembeni akingoja kupewa kikombe kama wageni wengine.

Siku chache baada ya harusi alikuja kwenye seng'enge. Alikuwa amekiona kile kipande chake kilichovunjika. Kilikuwa kimetambaa juu ya mawe yangu hadi karibu na choo, kimeshika mizizi kila kifundo, kijani kibichi, maua mekundu yamefunguka kwa jua.

"Mama Mwongera," aliuliza, "hii unamwagia mara ngapi?"

"Sijawahi kuimwagia."

Nilijua anahesabu kichwani maji yote aliyoyamwaga, nikamwacha ahesabu. Hakuomba kipande, na mimi sikumpa.

Kesho yake mchana aliweka beseni nje ya lango. Kubwa, jipya, limejaa hadi mdomoni. Akaketi kando yake kwenye kiti cha plastiki. Umulkheir akatokea na mbuzi wake, na mbuzi wakanusa maji kutoka mbali, wakageuza shingo zote pamoja. Yeye akawachapa kwa fimbo, akawavusha upande wa pili wa barabara, akapita bila salamu. Nikawatekea maji kwangu.

Beseni lilibaki pale hadi jioni. Akaliinua, akatazama huku na huku, akalimwaga juu ya mchanga wa langoni.