Bastola Chini ya Dishdasha

Bastola ni kitu cha watu wanaovaa suruali. Hilo hakuniambia aliyeniuzia, na mimi sikuuliza, ingawa niliuliza mengine yote. Alikuwa mwenzangu katika biashara ya mapambo ya kale pale Matrah, Maskati, mtu aliyekuwa ameamua kuacha safari na kukaa dukani na kisukari chake.

"Chukua," aliniambia. "Ndogo, nyepesi, haionekani. Inaingia kiganjani kama sabuni."

"Sabuni nkiichoka nafulia. Hii nkiichoka nitaifanya nini? Punguza."

Alipunguza. Nikamwonyesha mkwaruzo kwenye mpini, akapunguza tena. Kisha nikauliza kama risasi zimo ndani ya bei. Zilikuwemo sita. Nilizihesabu, nikazihesabu tena, zikawa sita vilevile. Tukaenda polisi kuhamisha kibali, biashara ikaisha. Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, ilipokuwa inaelekea ukingoni.

Sababu ya kuitaka ilikuwa kazi. Nilikuwa nakwenda Nizwa, Bahla na vijiji vya ndani kununua bangili, mikufu na majambia kwa watu ambao hawakutaka kusikia habari za hundi. Wao na noti, mkono kwa mkono. Kwa haki ya Mungu, katika safari zote hizo hakuna aliyenitazama vibaya. Lakini mtu mwenye noti mwilini huona macho mabaya kila kituo cha petroli, hata kwa anayempimia mafuta.

Kama silaha, sina la kuilaumu sana. Mtutu wake mfupi, mpini unatosha vidole vitatu, kidole cha mwisho kinabaki nje hakina kazi. Kifyatulio kigumu, na hilo nililipenda, kwa sababu kitu kinachokaa karibu na tumbo lako hutaki kiwe chepesi. Siku moja niliingia nayo kwenye wadi moja, bonde kavu nyuma ya Amerat, nikaweka kopo la maziwa juu ya jiwe, nikamaliza risasi zote. Jiwe liliumia. Kopo nililirudisha garini zima, nikaenda kununua risasi nyingine. Ubaya wake mkubwa ulikuwa kutu. Jasho la Maskati mwezi wa Julai halina huruma na chuma. Kila Ijumaa ilinibidi niifute kwa mafuta ya cherahani.

Mashaka yalikuwa kwenye nguo. Dishdasha, kanzu yetu ya Oman, haina mkanda. Ina mfuko wa ubavuni, na nilipoitia humo nguo ilivutwa upande, nikawa natembea kama mtu aliyeficha tikiti maji. Nikaenda kwa fundi wangu wa kushona, Mhindi mmoja wa Ruwi, nikamwomba anishonee mfuko mwingine kwa ndani, wenye nguvu.

"Wa simu?" akauliza. Siku hizo simu za mkononi ndiyo kwanza zinaingia.

"Ndiyo, wa simu."

Akanipima kiunoni, mkono ukagusa chuma. Akaurudisha mkono wake taratibu. "Arbabu," akasema, kama wanavyowaita matajiri wao, "simu hii ikilia, mimi nisiwe dukani."

Hakushona. Mwishowe nikajifunga mkanda wa ngozi juu ya wizari, ile shuka tunayovaa ndani ya dishdasha, na bastola nikaichomeka hapo, upande wa kulia. Hapo kweli haikuonekana. Ila kuitoa ilikuwa ni kuipandisha dishdasha yote mpaka kiunoni kwa mkono mmoja na kutafuta kwa mkono wa pili. Jambazi ingebidi anisubiri, na kama ana adabu ageuke pembeni.

Nikaizoea. Baada ya miezi michache nilikuwa siihisi tena, na hapo ndipo iliponiletea balaa.

Baba yetu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa walii wa mdogo wangu wa kike, mwenye haki ya kumwozesha; alikuwa akikaa nasi Azaiba na kusomesha skuli. Wachumba wawili walikuwa wameshakuja na kuondoka. Yeye alisema niliwafukuza kwa kubishana mahari kama nanunua jambia. Mimi nilisema nilikuwa namtetea. Huyu wa tatu alikuwa mwalimu mwenziwe, watu wao wametoka Tabora, na safari hii mdogo wangu alinifuata mpaka kwenye gari asubuhi naondoka kwenda Nizwa.

"Kaka, leo alasiri ami yake anakuja. Mimi huyu nnamtaka. Nnakwambia mapema ili usije ukasema hukujua."

"Nishasikia."

"Na usikaze bei."

Nilirudi nimechelewa. Wageni walikuwa wanapaki nje wakati mimi nabadilisha dishdasha chumbani. Nilivaa safi, nikajitia udi, nikaweka kilemba. Ndani sikubadilisha kitu.

Ami yake bwana harusi alikuwa mzee mpana, aliyepata kuwa jeshini, na aliongozana na kaka wa mchumba. Nilinyoosha mkono; yeye akanivuta akanikumbatia kwa kifua kizima, mikono imenizunguka kiunoni. Akakaa hivyo muda mrefu kidogo kuliko ilivyo kawaida, akaniachia. Nilidhani ndivyo wanavyokumbatiana watu wa Tabora.

Tukakaa chini. Halua ikaja, hakuionja. Nikammiminia kahawa, akapokea finjani kwa mkono wa kulia na kuiweka mbele yake. Nikafurahi. Mwenye haja kubwa, kwa desturi, haonji kahawa ya mwenyeji mpaka haja yake ikubaliwe, na aliyekuja kuposa ndiye mwenye haja kuliko wote. Nikakaa vizuri nikingoja aseme.

Hakusema. Akauliza mvua za Nizwa. Nikamjibu. Akauliza bei ya mbuzi. Nikamjibu, na nikaongeza bei ya kondoo. Kaka wa mchumba alitazama zulia. Mimi kumfungulia mazungumzo siwezi: hakuna walii anayemnadi dada yake kwa mgeni. Kahawa ikapoa. Nyuma ya mlango wa ndani nilisikia bangili za mdogo wangu zikigongana.

Mzee akajikusanya. "Basi, baba, tunaomba ruhusa."

"Ami, finjani yako bado."

"Nimeiona."

"Na haja yako hujaisema."

"Haja yangu ningemwambia mwenye nyumba," akasema polepole, bila hasira. "Nimekumbatia mtu aliyejifunga chuma kunipokea mimi, ndani ya nyumba yake. Kwetu sisi, mtu wa namna hiyo ameshatoa jibu. Sasa kahawa yake nitainywaje?"

Mkono wangu ulikwenda kiunoni wenyewe. Kaka wa mchumba akarudi nyuma kidogo. Nikauondoa mkono haraka, na hilo nalo halikusaidia.

"Ami, wallahi nimesahau. Nimetoka safari. Ni ya njiani."

"Hapa ni njiani?"

"Nipe dakika moja. Tafadhali usinyanyuke."

Nikaingia ndani. Mdogo wangu alikuwa amesimama palepale mlangoni, amesikia yote. Nilipandisha dishdasha mbele yake bila haya, nikaitoa ile bastola na kuanza kuzitoa risasi.

"Umemkumbatia ami wa watu na hiyo?"

"Nilisahau."

"Huyu wa tatu, kaka." Hakupandisha sauti. Alikinga kiganja, nikamtilia risasi moja moja. Akazihesabu. "Sita. Nenda. Mpe mkononi, usimwekee chini."

Nikatoka nimeibeba kwa mikono miwili kama mtu anayepeleka chetezo. Nikapiga magoti mbele ya mzee. "Silaha ya mwenyeji iko kwako, ami. Ukiwa ndani ya nyumba hii, mimi sina nyingine."

Aliitazama muda, akaipokea. Akakivuta chuma cha juu, akachungulia ndani, akamwambia kaka wa mchumba, "Tupu." Kisha akaipima kiganjani, kidole chake cha mwisho nacho kikabaki nje.

"Umeinunua hii?"

"Nimeinunua."

"Kwa hiari yako?"

Kaka wa mchumba akacheka kwanza, kisha mzee, kisha na mimi. Nikaimwaga ile kahawa iliyopoa, nikajaza ya moto. Akaiweka chini tena, bastola akaipakata, na safari hii akasema haja yake yote, kwa maneno mazuri, akataja nasaba, akataja kazi ya kijana, akataja na mahari wanayoweza.

Nimenunua na kuuza tangu nina ndevu chache, lakini sijawahi kupatana bei na mtu aliyepakata bastola yangu mwenyewe. Kiasi alichotaja kilikuwa na nafasi ya kukisukuma juu, niliiona wazi. Nikatazama finjani. Nikatazama mlango.

"Tumekubali, ami. Kwa kiasi hichohicho."

Akanywa. Akanywa na ya pili, akala halua, akanirudishia bastola yangu mlangoni akiniambia ingekuwa yake angeizika.

Walipoondoka nikaenda jikoni. Nilitegemea machozi ya furaha, au angalau ahsante. Mdogo wangu alikuwa ameegemea jokofu, mkono mmoja ameukunja.

"Amekunywa?" akauliza, ingawa alikuwa amesikia.

"Finjani mbili."

"Alhamdulillahi." "Lakini kaka, hata kidogo hukukaza? Mara moja tu, umekubali? Watasema nilikuwa nimewachosha nyumbani."

"Wewe si ndiye uliyesema nisikaze? Na yule mzee alikuwa na bastola!"

"Yako," akasema, akakunjua kiganja. "Na risasi nnazo mimi."