Kitabu Kinene cha Steinvör

Huku kwetu, kwenye kisiwa chetu cha theluji, mtu akipitisha Krismasi bila kitabu kipya, majirani humpa pole kama aliyefiwa. Mkesha wa Krismasi kengele ya kanisa ikishalia saa kumi na mbili jioni, tunakula nyama ya kondoo ya moshi, tunafungua zawadi, kisha kila mtu anachukua kitabu chake na chokoleti zake na kuingia kwenye shuka safi. Hakuna wa kumsemesha mwenziwe mpaka kesho yake. Mgeni akituona anaweza kudhani tumegombana.

Steinvör, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alilichukulia jambo hilo kwa uzito kuliko sisi wote. Tulikata minofu ya samaki pamoja kiwandani, meza moja, mpaka tukastaafu. Mwezi wa Novemba orodha ya vitabu vipya inapoletwa kila nyumba, wengine huipitia wakinywa kahawa na kuisahau. Yeye alikaa nayo na kalamu nyekundu akipanga majira yake ya baridi: hiki cha Krismasi, kile cha dhoruba za Januari, na kingine chepesi cha Februari, maana Februari, alisema, akili ya mtu imeshachoshwa na giza na haiwezi kubeba mzigo.

Cha Krismasi lazima kiwe na Krismasi ya zamani ndani yake. Alizipenda zile nyumba za udongo zilizoezekwa majani, kila mtoto na mshumaa wake mmoja, baba akisoma kwa sauti chini ya taa ya mafuta huku wengine wakisokota sufu. Alizaliwa kwenye shamba la namna hiyo juu ya bonde, na babu yake ndiye aliyekuwa msomaji. Nilimwambia mara nyingi kwamba Krismasi hizo zilikuwa za chawa na kikohozi. Alinijibu kwamba chawa anawakumbuka vizuri sana, ila bado hajapata mwandishi wa kuwatendea haki.

Kisha macho yakaanza kumwacha. Si yote kwa mara moja. Katikati ya kila alichokitazama palitokea doa la giza, pembeni pakabaki na mwanga. Alikuwa akikutazama sikio ili auone uso wako. Daktari alisema ni uzee, na dawa yake ni kuzoea. Steinvör hakuwa mtu wa kuzoea. Alinunua kioo cha kukuzia maandishi chenye mpini, akaendelea na maisha yake.

Lakini Septemba aliteleza kwenye ngazi za nyuma akiwa na ndoo ya viazi, akavunjika kifundo cha mkono. Binti yake, Arndís, anayeishi mjini kusini, alikuwa akipiga simu kila Jumapili. Kila Jumapili Steinvör alimwambia hali ni njema, mvua tu. Arndís alikuja kugundua siku ya kuchinja kondoo, alipoingia jikoni akamkuta mama yake anakunywa kahawa kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia umefungwa bendeji na kufichwa chini ya meza. Ilikuwa imepita karibu mwezi.

Arndís hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Novemba alirudi na habari kwamba amempatia nafasi kwenye nyumba ya wazee, dakika chache kutoka kwake, chumba chenye dirisha linalotazama maegesho ya magari. Jibu lilitakiwa mara tu baada ya mwaka mpya, kwa sababu watu wengine walikuwa wakiingoja. Nilikuwepo, nimeshika kikombe changu, na sikujua niondoke au nijifanye kabati.

Steinvör alisukuma kikombe chake pembeni. Halafu akasema, "Krismasi hii nipe kitabu, uchague wewe. Nikikimaliza kwa macho yangu mwenyewe kabla ya moto wa kufunga Krismasi kuwashwa siku ya kumi na tatu, nabaki hapa. Nisipokimaliza, nakuja kusini na sanduku langu, na hutanisikia nikinung'unika."

"Mama, kitabu kina uhusiano gani na kuanguka kwako?"

"Kina uhusiano na mimi."

Arndís alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemlea huyu mtu. Mwisho akatoa mkono, wakashikana. Ahadi ni deni, na wote wawili ni wa ukoo ambao haurudi nyuma.

Kitabu kilikuja kwa posta, na Steinvör akakifungua mkesha wenyewe, nyumbani kwangu, baada ya chakula. Kiliitwa *Mshumaa kwa Kila Mtoto*. Nilipokipima mkononi niliona kinaweza kuzuia mlango wakati wa upepo. Maandishi yake yalikuwa madogo kama mbegu za ufuta. Nikasema waziwazi kwamba binti ameshinda kabla mchezo haujaanza, na kwamba huo ni ujanja.

"Hiki ndicho nilichokiwekea alama nyekundu," alisema Steinvör. "Aliiona orodha mezani. Hana kosa."

Akabeba kitabu na chokoleti zake akaenda kulala, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kesho yake hakuniambia kimefika wapi.

Nilikwenda kuona mwenyewe. Alikuwa ameivuta taa ya meza mpaka karibu na pua. Alikata mwanya kwenye kipande cha kadibodi ili mstari mmoja tu uonekane, na juu ya mwanya akapitisha kioo, neno kwa neno, kichwa kikiwa kimeinamia upande kama kuku anayesikiliza. Macho yalipojaa machozi alijifunika kitambaa chenye maji baridi, akangoja, akaanza tena. Hadithi yenyewe ilikuwa ya shamba moja juu ya nyika, watu wanamngoja kasisi avuke theluji ili Krismasi ianze. Watoto wameshika mishumaa yao na wamekatazwa kuiwasha kabla hajafika.

Nilimwambia nimsomee, hata kurasa chache tu, macho yapumzike. Alikataa. Nikamkumbusha kwamba babu yake alimsomea na hakuona ubaya.

"Wakati ule nilikuwa nasokota sufu," alisema. "Mikono ilikuwa na kazi. Sasa mikono haina kazi, na wewe sauti yako inakoroma."

Basi nikamletea mkate wetu mwembamba wa Krismasi, ule tunaouchonga maua kabla ya kuukaanga, nikamwacha. Mwaka mpya ukaingia kwa fataki na yeye hakuinua kichwa. Alikuwa amevuka nusu. Nilianza kuamini. Nilimwombea pia, ingawa si kawaida yangu kumsumbua Mungu kwa mambo ya vitabu.

Siku moja nikamlazimisha twende kwenye bwawa la kuogelea, tukae katika lile beseni kubwa la maji ya moto lililo nje, kwa sababu shingo yake ilikuwa imekauka kama kamba ya nanga. Hapo ndipo mji wetu unapokutana. Theluji inakuangukia kichwani, mwili uko kwenye joto, na watu wanazungumza. Wiki ile ya baada ya Krismasi mazungumzo ni vitabu tu, na hakuna mwenye ujasiri wa kukiri kwamba kitabu fulani hajakisoma. Heri ukiri umeiba kondoo.

Geirmundur alikuwepo, fundi mstaafu wa mitambo ya meli, mtu ambaye hajawahi kukosa maoni. Mtu akataja *Mshumaa kwa Kila Mtoto*. Geirmundur akafumba macho, akatikisa kichwa kwa huzuni na kutangaza kwamba yule kasisi kufia kwenye theluji na mshumaa mkononi kulimtoa machozi. Nilimrushia maji usoni, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Steinvör alikuwa amefika pale kasisi anapofunga viatu aondoke. Alitoka kwenye beseni akachukua taulo lake.

Njiani nilimwambia ukweli wangu. Siku zilikuwa zimebaki chache na kurasa zilikuwa nyingi. Sasa mwisho anaujua. Arndís akiuliza, amwambie kasisi alikufa, hesabu imefungwa, abaki na nyumba yake. Nani angemlaumu?

Alisimama barabarani, akanitazama sikio. "Miaka yote ile kiwandani," alisema, "niliwahi kukutilia samaki mbovu kwenye kasha lako?"

Nikakiri kwamba hapana.

"Basi usiniletee wewe sasa."

Siku ya kumi na tatu, siku ambayo Krismasi hufungwa rasmi, watoto walikuwa wakikokota mbao kuelekea ufukweni tangu mchana. Arndís alifika gizani. Barabara ya mlimani ilikuwa wazi, kwa bahati mbaya. Ndani ya gari niliona masanduku ya kadibodi, matupu, yamelazwa na kupangwa vizuri. Roho iliniuma. Aliingia na masanduku, akambusu mama yake, akayaegemeza ukutani, akakaa na koti lake mwilini. Steinvör hakuacha kusoma. Tulikaa watatu, kioo kikitambaa kutoka neno hadi neno, mpaka dirisha likageuka rangi ya chungwa. Moto ulikuwa umewashwa.

Steinvör akakiweka kioo mezani.

"Umemaliza, mama?"

Hapo sikuweza kujizuia. Nikadakia kwamba amemaliza, ndiyo, na kwamba ni kitabu cha kuhuzunisha, hasa pale kasisi anapofia kwenye theluji.

Arndís alinigeukia taratibu. Kumbe naye alikisoma, mkesha uleule, mjini. "Kasisi gani aliyekufa?" aliuliza. "Kwenye kitabu hiki hakuna kasisi anayeku—"

"Nyamaza," alisema Steinvör, na mkono wake ukawa juu. "Usiniambie. Zimebaki kurasa arobaini."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa fupi kuliko zote. Nilitazama zulia. Kumbe Geirmundur hakukifungua kitabu, naye, nilipanga, angenitambua.

"Sikumaliza, Arndís," alisema Steinvör. "Macho yamechelewa. Nilisema nitakuja, nakuja. Anza na vyombo. Kitabu hiki usikipakie, nitakishika mwenyewe garini."

Arndís hakusogea. Alikuwa ameweka mikono mapajani, na mwanga wa moto ulikuwa ukimcheza usoni. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya chini.

"Jumapili nne, mama. Nilikuuliza hali, ukaniambia mvua tu, na mkono umevunjika. Unafikiri nakosa usingizi kwa ajili ya macho yako? Silali kwa sababu sijui lini unaniambia kweli."

"Niliogopa utanichukua."

"Na leo je? Huogopi?"

"Naogopa sana," alisema Steinvör. Mimi niliyekaa naye meza moja kiwandani sikuwahi kumsikia akitamka neno hilo.

Arndís alijifuta pua kwa mkono wa koti. Kisha akasema kwamba kesho ataiachia ile nafasi mtu mwingine. Mama ambaye anaweza kumwambia kweli hata pale kweli inapomfukuza nyumbani kwake, huyo anaweza kumwacha peke yake. Lakini kwa sharti: siku akianguka, ampigie simu kabla hajainuka sakafuni.

"Simu iko juu ya meza. Nitaifikiaje nikiwa sakafuni?"

"Utaivaa shingoni."

"Kama kondoo wa kengele."

"Kama kondoo wa kengele, mama."

Steinvör alilitafakari hilo kwa muda mrefu kuliko alivyolitafakari lile la kuhama. Mwisho akakubali kwa kuguna. Akachukua kadibodi yake yenye mwanya, akatafuta mstari, halafu akamwambia binti yake asogee, anamziba taa. Na yale masanduku ayatoe, yanachukua nafasi, na ufukweni kuna watoto wanaohitaji kuni.

Tuliyabeba mimi na Arndís, mikono imejaa, tukateremka kwenye theluji mpaka kwenye moto. Watoto walishangilia yaliposhika. Nilipogeuka kutazama nyuma, dirisha la Steinvör lilikuwa na mwanga, na kichwa chake kimeinamia upande.